Mlima Usioonyesha Kila Kitu

JICHO LA MLIMANI
Na Jovinary Byarugaba

Kwenye vibanda vya gemu vya Omurushaka na Kayanga, huku Karagwe, wengi wanacheza mpira. Wana sababu: mwenye kibanda anauza muda, na mechi ina mwisho unaojulikana, ukifungwa unampisha mwenzako. Lakini hakosekani mtoto mmoja anayelipa hela yake, akafungua GTA San Andreas, na asiguse misheni hata moja. Anachukua baiskeli, anapanda Mlima Chiliad, anajirusha kutoka kileleni, kisha anataka kujua ile njia ya vumbi inaishia wapi. Wasio na hela wamesimama mgongoni kwake wakimwelekeza kwa kelele: “Kata kushoto! Siyo huko, kuna polisi!”

Watu wazima wanasema anachezea hela. Mimi nasema huyo ndiye aliyeielewa gemu.

San Andreas ilitoka mwaka 2004 ikiwa na miji mitatu, na katikati yake mashamba, jangwa na milima. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakishindana kwa ukubwa wa ramani. Ukubwa peke yake haunogeshi. Zipo gemu pana ajabu ambazo ramani zake zimejaa alama: okota hiki, panda mnara ule, weka tiki, nenda kwingine. Baada ya saa moja mchezaji amekuwa karani wa ghala anayehakiki mali.

Nintendo walilitatua tatizo hilo vizuri katika Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017. Wabunifu wake walieleza kwamba ardhi waliiunda kwa umbo la pembetatu. Mlima unakuziba macho; ama uupande, ama uuzunguke, na njia yoyote utakayochagua, kitu kilichofichwa kinaanza kujitokeza kidogo kidogo. Hakuna aliyekutuma. Shigeru Miyamoto, mmoja wa waasisi wa Zelda, amesimulia kwamba mbegu ya Zelda ya kwanza ilitoka utotoni mwake, alipokuwa akizurura vilimani na kuingia mapangoni katika mkoa wa Kyoto.

Sasa, pembetatu hizo Karagwe tumepewa bure. Panda gari Kyaka uje Bugene: kila kona mlima mmoja unasogea pembeni, mwingine unachungulia. Aliyechunga mbuzi huku anajua zaidi. Ukiwa juu kwenye nyasi unaona bati linameremeta ng’ambo. Ukishuka bondeni linamezwa na migomba, na huwezi kujua kama ni shule, kanisa au mashine ya kukoboa kahawa mpaka miguu ikufikishe. Na ukifika, tayari umeshaona bati jingine.

Mpaka nao una utamu wake. Mwanzoni mwa San Andreas huruhusiwi kutoka mji wa kwanza. Ukilazimisha, polisi wanakuandama kwa nyota nne. Kyerwa tuna Mto Kagera: simama Murongo, Uganda ile pale, unaiona na huna karatasi. Hata Speke, ambaye vitabu vya shule vinamwita mpelelezi, hakutembea huku atakavyo. Yeye na mwenzake Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe Novemba 1861 baada ya kutoa hongo kwa mtawala baada ya mtawala njiani, na safari ya Buganda ilingoja ruhusa ya Kabaka Mutesa. Ilipopatikana, Januari 1862, Speke akaondoka. Grant akabaki Karagwe akiuguza mguu.

Siku hizi jina la Rumanyika limo kwenye hifadhi ya taifa, iliyotangazwa mwaka 2019 pamoja na Ibanda-Kyerwa. Kuingia ni kwa kiingilio. Silalamiki, wanyama wanahitaji utulivu. Ila nafasi ya mtoto kuzurura inazidi kubanwa, huku hifadhi, huku masomo ya ziada ya Jumamosi, halafu tunamshangaa akienda kuinunua kibandani.

Vijana wa Dar es Salaam wanaojifunza kutengeneza gemu, nawapa kazi. Tengenezeni gemu, muianzie Bweranyange, kwenye makao ya mfalme. Msituwekee mishale ya kuelekeza. Mchezaji awe mjumbe wa Rumanyika anayepita popote, hadi ukingo wa Kagera, na akitaka kupoteza siku nzima akifuata moshi aliouona ng’ambo, apoteze. Speke awemo pia, amekaa uani, anasubiri ruhusa.