Kusini Ikijitenga, Itamuuzia Nani?

Kila wanajumuiya wa Kusini tunapokutana, iwe arusini au matangani, mazungumzo yakigusa gesi hakosekani mwenzetu wa kusema bora Mtwara na Lindi zijitenge, ziwe nchi inayojitegemea. Hatumlaumu. Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam. Mei 2013, bajeti ya Nishati iliposomwa bungeni, mji ukawaka moto na watu wakapoteza maisha. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa: asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Machungu hayo ni ya kweli, nasi tunayo.

Lakini mpaka ukiwekwa Rufiji, mali yetu ataichukua nani?

Korosho isitudanganye. Inapakiwa melini kwenda India na Vietnam, na mnunuzi wa huko hajali bendera. Gesi ina mambo mengine. Ile ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ikalala ardhini zaidi ya miaka 20 kwa kukosa mteja wa karibu. Leo inasafishwa Madimba na kupelekwa kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam. Bomba limeshafukiwa, nalo linaelekea upande mmoja tu. Mteja mkubwa aliye mwisho wake akiwa nchi ya kigeni, atakaa mezani kupanga bei akijua kwamba hatuna pengine pa kuuza. Saruji ya kiwanda cha Dangote cha Mtwara nayo ni hivyo hivyo, maana kiwanda kile kilijengwa kwa kutazama soko la Tanzania nzima, si la mikoa miwili. Kila mfuko ukilipiwa forodha kabla ya kuvuka Daraja la Mkapa, vijana wetu ndio watakaopunguzwa kazini kwanza.

Mfano tunao nyumbani. Zanzibar ina sheria yake ya VAT, na wafanyabiashara wa Unguja wamelalamika miaka mingi kwamba wakishusha bidhaa Dar es Salaam wanatozwa tofauti ya kodi. Hao wana Rais mmoja na sisi, na shilingi moja. Penye shilingi mbili itakuwaje?

Na Mto Ruvuma umetuonyesha mpaka unavyozuia biashara. Kionga, ng'ambo ya mlango wa mto, ilikuwa chini ya Wajerumani pamoja na Mtwara kabla ya kukabidhiwa Wareno mwaka 1919. Ndugu wa damu wako kila upande, lakini anayevuka Kilambo kwenda kuuza hubadilisha fedha na kuonyesha hati. Mji wa Palma, upande wa Msumbiji, uliposhambuliwa Machi 2021, biashara ya pande zote mbili ilivurugika.

Tunachodai, kwa hiyo, ni haki yetu ndani ya soko hili. Ushuru wa korosho urudi kwa wakulima. Korosho zibanguliwe Newala, Tandahimba na Masasi kabla ya kufika bandarini. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ijengwe, maana ile ya Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya karanga, iling'olewa na Kusini ikaachwa bila reli. Wabunge wetu walisimama mwaka 2018 kupinga mabadiliko ya ushuru, lakini yakapitishwa. Kila mwanajumuiya amwandikie mbunge wa kwao kabla ya Bunge la bajeti, ataje ushuru huo na reli hiyo kwa majina.