Jina lipo, anayetafuta ndiye hajui kitufe

Tangu kambi za pembeni ya Goma kama Bulengo zivunjwe mwezi wa pili mwaka 2025, familia nyingi za wahami zimetawanyika. Mama akiomba jetoni ao cheti cha mtoto, kwanza jina lake linatafutwa kwenye kompyuta. Orodha ni ndefu, karani anateremka mstari kwa mstari, macho yanachoka, kisha anasema: "Jina lako halimo." Mama anarudi nyumbani mikono mitupu. Hiyo si haki, kwa sababu kutafuta jina vizuri ni kazi ya dakika moja.

Makarani wengi wanalaumu kibodi. Kibodi haina kosa. Word ya Kiingereza na Word ya Kifaransa hazitumii vitufe kwa namna moja. Kwa Kiingereza, Ctrl na G inafungua dirisha la kwenda kwenye ukurasa unaotaka. Kwa Kifaransa, Ctrl na G inanenepesha maandishi, na dirisha lile linafunguliwa na Ctrl na B. Aliyejifunza Kampala akifika Goma anaona herufi zinakuwa nene, anadhani ni virusi. Kununua kibodi mpya hakusaidii, maana lugha ya programu ndiyo inayoamua. Dawa ni F5, inayofungua dirisha hilo katika lugha zote mbili. Kwenye laptop nyingi inafinywa pamoja na Fn.

Shida zingine nazo zina dawa. Ctrl na Fin inapeleka mwisho wa orodha. Kitufe cha Fin cha upande wa namba kikiandika 1, basi Verr Num inawaka, izimwe. Umeme ukikatika, karani akifungua tena hati aliyokuwa ameihifadhi, afinye Maj na F5: atarudi pale alipoishia kuandika.

Kubwa kuliko yote ni Ctrl na F, ya kutafuta neno. Hapa uangalifu unahitajika. Kahindo anaweza kuwa aliandikwa Kaindo na mtu aliyekuwa na haraka. Karani akiandika jina zima, kompyuta itasema hakuna. Akiandika "indo" tu, atawapata wote wawili. Tena, kama orodha ni picha ya karatasi iliyopigwa skana, Ctrl na F inaweza isione kitu hata kama jina liko pale. Hapo ni lazima kusoma kwa macho, ukurasa kwa ukurasa.

Wengine watasema karani analipwa kidogo na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini foleni inarefuka pia kwa sababu hiyo ya kushuka mstari kwa mstari, na anayeumia si karani.

Kamati za wahami ziombe jambo moja rahisi: karatasi yenye vitufe hivi ibandikwe ukutani karibu na kila kompyuta yenye orodha, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Na kabla mtu hajaambiwa hayumo, jina lake litafutwe mara tatu: zima, nusu, na jina la mume ao la mzazi. Muhami amekwisha kupoteza nyumba na shamba. Asipoteze na jina lake wakati limeandikwa.