Wimbo si mfuko wa mawe

Wandugu wachimbaji, na ninyi bamama wenye kulinda nyumba, watoto wetu wengi siku hizi wanatunga nyimbo. Wakiisha kurekodi, mwenye studio anawapa falanga kidogo, na maneno yanaishia pale. Mimi ninasema: hapana. Wimbo si mfuko wa mawe.

Mfuko wa mawe unaupeleka ku depo, wanapima, wanalipa, kwisha. Wimbo hauishi. Kila mara unapigwa ku redio ao mu nganda, unafanya kazi tena, na mwenye kuutunga anapaswa kula. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 njo inasema vile. Inamulinda mutungaji maisha yake yote, na kiisha kufa kwake miaka 50 mingine, juu ya wale anaacha.

Muangalie Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi wimbo wake "Masanga" kule Jadotville, ile tunaita leo Likasi. Wapiga gitaa wa inchi za mbali wakajifunza kuupiga. Mwenda alikufa mwaka 1990. Hesabu ya miaka 50 inatufikisha mwisho wa 2040! Ni mfuko gani wa kobalti unaweza kulisha wajukuu wakati mrefu vile?

Lakini haki bila karatasi ni bule. Sisi wa sendika tunaijua: mufanyakazi asiye na kontra akikufa, mujane wake anazunguka ku biro mpaka anachoka. Ku muziki ni vilevile. Basi, mbele ya kuingia studio, muandike: nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alipiga gitaa, kila mutu na fungu lake. Wote watie sahihi. Halafu mupeleke wimbo ku SOCODA, shirika la kukusanya haki za watungaji, uandikwe kwa jina la mutungaji, si la mwenye studio. Na karatasi yenye kusema "ninauza haki zote", musiitie sahihi juu ya njaa ya siku moja.

SOCODA nayo itupe hesabu wazi: nganda gani na redio gani zimelipa, na ile feza imegawiwa nani. Ku kariere tunadai kuona mizani. Ku muziki tudai vilevile.