Uvimbe wa ubongo hausubiri boti

Mtoto anayetapika kila asubuhi, anayeumwa kichwa na kuyumba akitembea, si lazima awe na malaria. Pengine ana uvimbe ndani ya ubongo. Kwa watoto, mara nyingi uvimbe huo hukua nyuma, chini ya ubongo, ukaziba njia ya maji na kichwa kikajaa. Kuutoa kunahitaji skana, mpasuaji wa ubongo, mtaalamu wa usingizi na kitanda cha wagonjwa mahututi.

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa, kwa njia ya mto, ni karibu kilomita 1,700. Uvimbe hausubiri boti.

Wengine watasema kazi hiyo ni ya miji mikuu. Mbale si mji mkuu wa Uganda, lakini hospitali ya CURE inapasua huko watoto wenye maji kichwani na uvimbe wa ubongo. Kisangani nayo ina chuo kikuu chenye kitivo cha udaktari.

Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Serikali itimize ahadi: ilete vifaa Tshopo, isomeshe wapasuaji kutoka UNIKIS. Nanyi wazazi, dalili zikiendelea baada ya dawa ya malaria, rudini kwa daktari kabla ya kwenda chumba cha maombi.