Ukuta wa Mezani na Ukuta wa Darasa

Walimu wengi tufundishapo matetemeko ya ardhi huwapa watoto maana ya kunakili ubaoni, kisha tukapita. Kwa mtoto wa Maruku hilo halitoshi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera. Watu zaidi ya kumi na watano walikufa, nyumba nyingi za matofali zilianguka, na Shule ya Sekondari Ihungo, karibu na mji wa Bukoba, iliharibika hata ikabidi ijengwe upya.

Chanzo chake kilikuwa kilometa 40 hivi chini ya ardhi. Lakini ukuta wa matofali hufunguka kwanza kwenye viungo vyake, penye unene wa sentimeta moja au mbili. Hapo ndipo penye somo. Mwamba, udongo, ukuta na kiungo huathiriana. Ufa ukitokea, mzigo huhamia tofali la jirani, nalo likalemewa. Na ukuta uliokwisha kupasuka hutikisika kwa namna nyingine. Wahandisi waigao mambo haya kwa kompyuta hawawezi kuhesabu kila chembe ya mchanga ya jengo zima. Huchunguza kipande kidogo cha tofali na kiungo, huyatia matokeo katika hesabu ya ukuta, kisha hukirudia kipande kila mzigo unapobadilika.

Mwalimu asiye na kompyuta na ajenge na watoto ukuta wa vitofali vya udongo juu ya meza, wautikise. Ni zoezi zuri, nami nalipenda, ila lina hila: ukuta huo mara nyingi utasimama, na watoto wataondoka wakiamini kwamba udongo ni imara. Hapana budi wapige hesabu. Kila upande wa tofali ukizidishwa mara mbili, uzito huwa mara 2 × 2 × 2, yaani 8. Eneo la kiungo huwa mara 4 tu. Mtikiso ule ule huvuta kwa kadiri ya uzito, na kinachouzuia ni kiungo. Kwa hiyo kila sentimeta ya mraba hulemewa maradufu.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya chuo kikuu. Sikubali. Kuuliza kielelezo kimeacha nini hakuhitaji mashine, na mtoto aliyeuliza hivyo juu ya ukuta wa mezani ataugeukia ukuta anaouegemea: je, pembe zake zimefungamana, na je, juu ya madirisha umepita mkanda wa zege na nondo unaozishika kuta zote nne?