Kiungulia Mbulu na Hanang: Neno moja linaweza kugeuza majibu

Ukiumwa tumbo Mbulu au Hanang, jina la ugonjwa mara nyingi unakuwa nalo hata kabla ya kufika zahanati: "vidonda vya tumbo". Kiungulia, gesi, kushiba haraka, maumivu kwenye chembe ya moyo, vyote vinatiwa kapu moja.

Kuona kidonda chenyewe kunahitaji mpira wenye kamera unaopitishwa kooni, na kipimo hicho hakipo kwenye zahanati ya kijiji. Ndiyo maana madodoso yanavutia: karatasi, kalamu, dakika chache.

Mojawapo ni GerdQ, la mwaka 2009. Lina maswali 6 kuhusu siku 7 zilizopita: kiungulia, chakula au maji machungu kupanda kooni, maumivu ya chembe, kichefuchefu, kukosa usingizi kwa sababu ya kiungulia, na kunywa dawa ya ziada. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Ukifikisha 8, inawezekana tatizo ni asidi kupanda.

Lakini kuna mtego. Maumivu ya chembe na kichefuchefu huhesabiwa kinyume: siku zikizidi, alama zinapungua, kwa sababu dalili hizo huashiria tatizo jingine.

Chukua mama aliyeungua kifuani siku 5, bila dalili nyingine. Akisema "kiungulia", anapata 9. Moto uleule akiuita "maumivu ya chembe", anapata 3. Mgonjwa ni yuleyule, majibu mawili.

Na hapa Kiswahili si lugha ya kwanza kwa wengi. Kuna Kiiraqw, Kidatoga, na Kihadza upande wa Yaeda Chini. Ni lugha zisizo na undugu na Kiswahili, kwa hiyo kutafsiri neno kwa neno hakutoshi. Anayeuliza aeleze dalili bila kutaja ugonjwa, amwombe mgonjwa aonyeshe kwa mkono moto unaanzia wapi na unapanda hadi wapi. Kisha maswali yajaribiwe kwa wazee na vijana kabla alama hazijaaminiwa.

Hata likitafsiriwa vizuri, dodoso lina mpaka wake. Chakula kikikwama kooni, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, usisubiri alama wala usiishie duka la dawa. Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yenye saratani nyingi ya umio. Nenda hospitali mapema.