Biro iko Kinshasa, mfanyakazi yuko Goma: koneksyo inakwamia wapi?

Tangu M23 iliingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga na uwanja wa ndege ukasimama. Kuna wakaaji ambao biro zao zilihamia Kinshasa, wao wakabaki. Wanatumikisha ordinatere ya kule kupitia intaneti. Siku inagoma, ripoti haitoki, na mshahara uko mashakani.

Wengi wanasema: ni mega zimeisha. Lakini kama kurasa zingine zinafunguka vizuri, laini yako ni nzima. Kama hakuna jibu kabisa, pengine ordinatere ya kule imelala ao umeme umekatika. Hapo ni kumpigia simu mtu wa kule tu. Kama inajibu kisha inakataa, angalia neno la siri, na saa pia. Goma inatangulia Kinshasa kwa saa moja. Ukisogeza saa kwa mkono bila kuchagua eneo lako, mashini ya biro inaweza kukukataa: mara nyingi haivumilii tofauti ya kupita dakika 5.

Hatari inakuja mtu akichoka, akaomba fundi aache mlango 3389 wazi kwa dunia yote. Wezi wanaupigia hodi kila siku. Mwaka 2019 pengo lake moja lilitisha hata Microsoft ikatoa dawa kwa Windows XP, iliyoacha kuihudumia tangu 2014.

Basi wakubwa wa biro waweke VPN, na mtu mmoja kule wa kuwasha mashini. Bila hivyo, aliyebaki Goma ataitwa mvivu bure.